Bibi Asiyekuwepo na Dume Langu Jeusi

Watu wa Gendabi wanapenda kusimulia kwamba nilishtakiwa kwa kumtukana bibi ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni kweli. Lakini wanasimulia vibaya, wanaruka sehemu zangu nzuri zote, kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe. Anayetaka kubisha aje mashineni. Nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Shule niliishia darasa la nne, na tuliachana kwa makubaliano: mimi sikuitaka, nayo haikunitaka. Nikaanza kubeba vitunguu saumu mgongoni kutoka kwetu Nambis mpaka Mbulu mjini, kwa miguu, tena kwenye baridi ile ya asubuhi inayofanya masikio yawe kama ya mtu mwingine. Kule Endagikot nikakuta mtu ana injini ya dizeli iliyokufa, kuku wanatagia ndani yake. Nikainunua pamoja na mayai. Nikaifufua kwa mikono hii hii. Nikateremka nayo Hanang, hapa Gendabi, nikaoa binti wa wafugaji, nikafunga mashine ya kusaga na kukoboa, na leo nina nyumba ya bati jekundu na pikipiki mbili, moja inatembea.

Lakini kuliko vyote hivyo nina dume langu la ng'ombe. Jeusi tii, halina doa hata la ukubwa wa punje ya ulezi. Mama yake alikufa siku ya pili baada ya kulizaa, nikalinywesha maziwa kwa chupa ya soda. Lilipopata homa ya mapafu, bwana mifugo wetu alikuja siku tatu mfululizo na sindano zake, na siku ya nne likasimama likanipiga teke. Nililia kwa furaha. Sasa hivi likipita mbele ya dirisha, ndani ya nyumba kunakuwa giza. Nimepewa bei za kila aina mnadani nikakataa. Mtu akiniuliza mali yangu ni nini, simwonyeshi mashine. Namwonyesha dume.

Sasa tuje kwenye simu.

Mbele ya mashine yangu kuna kibanda cha fundi cherehani, mtu mcheshi kupita kiasi, ambaye nguo yako ikichelewa anakufanya ucheke mpaka unasahau kudai. Huyu ndiye aliyeanzisha kundi la watsapu akaliita Kijiji cha Hewani. Ni kijiji ambacho hakipo. Ukiingia huongei kwa jina lako, unapewa nafasi, na unaongea kama mwenye nafasi hiyo. Mmoja mlevi, mmoja mganga, mmoja mgambo. Kuna jamaa alipewa nafasi ya mbuzi, akawa anatuma "meee" saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na kwa miezi miwili hakukosa hata siku moja. Kazi kama hiyo serikalini ungepandishwa cheo.

Mimi nilipoingia nilisema, "Mwenyekiti wa kijiji amefika." Fundi akaandika, "Karibu mwenyekiti." Hapakuwa na kura. Kiongozi anajulikana tu.

Kuandika naandika, lakini herufi zangu zinakuja moja moja kama ng'ombe wanaoogopa josho. Kwa hiyo nilikuwa natuma sauti. Sauti yangu ni nzuri, sisemi mimi, wanasema watu. Nikaunganisha simu na ile spika kubwa ya mashineni, ili wateja wanaosubiri unga wasikie maendeleo ya kijiji. Na kila nikishatuma, naisikiliza tena mara moja, kuhakikisha imetoka vizuri. Huwa imetoka vizuri.

Mambo yakaenda hivyo mpaka akaingia Bibi. Hakuna aliyemjua. Namba ngeni, picha ya kigoda, na hakutuma sauti hata siku moja, yeye aliandika tu. Nikitangaza jambo, Bibi hakawii kujibu.

"Wananchi," nilisema siku moja, "nimejenga ofisi ya kijiji, ghorofa mbili."

Bibi akaandika: "Hongera mwanangu. Ngazi umeweka wapi?"

Kweli sikuwa nimeweka ngazi. Mtu akijenga kwa mdomo anasahau vitu vidogo. Kabla sijajibu akaongeza: "Umekula lakini?"

Wiki iliyofuata nikajenga daraja la zege. Bibi: "Limependeza. Sasa mto utaletwa lini? Umekula lakini, mwanangu?"

Kila mara hivyo. Mtu anajenga daraja, wewe unamwuliza habari za ugali! Na kijiji kizima kinacheka, zile sura za njano zinazotoa machozi zinajaa simu mpaka inapata moto. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, achana naye, ni mchezo." Nikamwambia, "Mchezo ni kwa asiyekuwa na cheo."

Siku yenyewe mkanda wa mashine ulikatika. Naieleza siku hiyo polepole kwa sababu kila kitu kilipangwa kunimaliza. Mashine ikizima, Gendabi yote inakuwa kimya, unasikia hata mbwa akijikuna. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye madebe yao ya mahindi wakisubiri, kama ishirini hivi, wengi wao wa upande wa mke wangu, na katikati yao Shangazi. Shangazi ni dada wa baba mkwe wangu. Ni mwembamba kama fito, na anapokohoa, wanaume wazima wanavua kofia. Nilikuwa nimeshamwamkia: "Shikamoo shangazi." "Marahaba mkwe, mkanda utapona lini?" "Sasa hivi, shangazi."

Nikiwa nashona mkanda, nikaona niwatulize wateja. Nikabonyeza simu nikatangaza hewani: "Wananchi, nimenunua ndege ya kijiji."

Bibi hakuchukua hata dakika. Mke wangu, ambaye alikuwa anapima mahindi, akanisomea: "Mwanangu, ndege itatua wapi, na uwanja wote umejaa maneno yako? Umekula lakini?"

Yule mlevi akacheka. Mganga akacheka. Mbuzi akatuma "meee" saa nne asubuhi, ambayo si saa yake! Hapo ndipo damu ilipopanda. Kudharauliwa na mbuzi wa kuigiza, mimi niliyefufua injini iliyokuwa inatagiwa! Nikashika simu nikasema, na ninayaandika hapa kwa sababu ya ukweli, si kwa sababu najivunia:

"Wewe kizee usiyekuwa na kazi! Tumbo lililokuzaa lilipata hasara. Mama yako angezaa kibuyu, angalau tungechotea maji!"

Nikatuma. Halafu, kama kawaida yangu, nikaisikiliza tena. Kwa spika.

Mashine kimya. Maneno yakatoka, yakazunguka mashine, yakaenda mpaka kwa fundi cherehani, yakarudi. Nikainua macho. Akina mama wote ishirini walikuwa wananitazama, na hakuna aliyekuwa anapepesa.

"Mkwe," akasema Shangazi.

"Naam, shangazi."

"Huyo uliyemwambia mama yake angezaa kibuyu ni nani?"

"Si mtu, shangazi. Ni bibi wa kuigiza, wa kwenye simu. Hayupo."

"Hayupo?"

"Hayupo kabisa. Hajazaliwa."

"Na mama yake?"

"Mama yake ndiye hayupo zaidi."

Shangazi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelewa. "Sasa kama bibi hayupo na mama yake hayupo, hilo tumbo ulilolitukana hapa ni la nani?"

Akina mama wakatazama matumbo yao. Halafu mmoja akasimama, akajitwisha debe lake la mahindi mazima. Wa pili akasimama. Nilikuwa nimeshamaliza kushona mkanda, nikasema mashine iko tayari jamani, karibuni. Hakuna aliyegeuka. Mke wangu naye aliweka kopo la kupimia chini akaondoka nao.

Mgeni wa huku anaweza kudhani hilo ni jambo la kuombana radhi na kupita. Si hivyo. Kwa watu wa mke wangu, mwanaume akitukana tumbo la uzazi hajibu kwa mwanamke mmoja, anajibu kwa wanawake wote. Wanakaa peke yao, kwenye uwanda, mwanaume hakaribii mpaka aitwe, na wakishaamua hata wazee wa kiume hawana la kusema. Na faini yake haijabadilika tangu enzi za mababu. Ni dume jeusi.

Gendabi nzima, dume jeusi lisilo na doa lilikuwa moja. Miaka minne nilikuwa naringa kwa sababu hiyo. Siku ile nikatamani lingekuwa la mabaka kama pundamilia.

Akili ya mtu aliyejitengeneza hailali. Nilikuwa na chokaa iliyobaki nilipopaka nyumba. Kesho yake asubuhi, kabla ya kikao kuitwa, nikaingia zizini nikalipaka dume doa moja kubwa ubavuni, doa safi, la mviringo. Nikarudi nyuma nikalitazama. Ungeapa lilizaliwa nalo.

"Baba watoto, unafanya nini?" Mke wangu alikuwa mlangoni mwa zizi.

"Lina ugonjwa wa ngozi."

"Ugonjwa wa ngozi umekuanza wewe mikononi," akasema akitazama vidole vyangu vyeupe, akaenda zake.

Kufika mchana dume lilikuwa limelamba doa lote. Kufika jioni linaharisha, limelala, macho yamezama. Nikampigia bwana mifugo. Akaja na mkoba wake. Huyu ni mtu mpole, ana ndevu nyingi, na ameingiza mkono kwenye ng'ombe wengi kuliko mikutano ambayo mimi nimehutubia. Akalifungua dume mdomo, akaona ulimi mweupe.

"Limekula nini?"

"Limekula doa," nikasema.

Ikabidi nimweleze yote. Bibi, kibuyu, Shangazi, faini. Alisikiliza huku analinywesha dawa, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi ni mimi," akasema.

Nikamtazama ndevu. "Wewe?"

"Mimi. Nilinunua laini mpya."

Nilicheka, jamani! Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya zizi. Maana niliona kesi imekwisha. Bibi ni mwanaume! Ana ndevu! Hana tumbo la uzazi hata la dawa! Nikamkumbatia nikamwambia, "Daktari, umelitibu dume, sasa liokoe kabisa. Njoo kikaoni uwaambie Bibi hayupo." Akasema atakuja. Hakucheka nami, lakini mimi sikuliona hilo, nilikuwa nacheka kwa niaba ya wawili.

Kikao kikakaa siku ya tatu baada ya tusi, uwandani kwenye migunga. Akina mama walikuwa zaidi ya sitini. Nilisimamishwa kando peke yangu, na mke wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, upande wao. Nikasema hotuba yangu. Ilikuwa nzuri. Niliwaambia: ukichora mtu mchangani ukamkanyaga, umeua? Ukimtukana mtu wa kwenye ndoto, ataamka akushtaki? Bibi ni hewa. Na kwa ushahidi, huyu hapa Bibi mwenyewe. Nikamwonyesha bwana mifugo.

Akina mama walicheka. Mmoja akasema, "Bibi, shikamoo!" Mwingine akasema, "Bibi, hizo ndevu ulianza kuota baada ya kujifungua?" Nikaanza kunusa ushindi.

Shangazi akakohoa. Kimya.

"Mwanangu," akamwambia bwana mifugo, "wewe ndiye bibi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo neno la 'umekula lakini,' umelitoa wapi?"

Bwana mifugo akatazama viatu vyake vya mpira. "Ni la mama yangu," akasema. "Alifariki mwaka juzi. Alikuwa anamwuliza kila mtu. Kuna mlevi alikuwa anakuja kwenye lango letu kila Jumamosi kumtukana, sababu ya mpaka wa shamba. Anatukana mpaka anachoka. Mama anatoka anamwuliza, 'Umekula lakini?' Anampa makande. Nikiandika kule kwenye simu, namsikia. Ndiyo maana naandika."

"Na mkwe wetu alipotukana?"

"Nilikuwa nimeshika simu, namchanja ng'ombe wa mtu. Niliiweka chini. Nikaenda kunawa." Akatazama viganja vyake. "Nilijua ni mchezo. Lakini nilinawa."

Basi. Shahidi wangu mwenyewe. Nilimleta mimi, kwa pikipiki yangu ile inayotembea.

Nataka kusema ukweli hapa. Miaka yote mashine yangu imesaga, na mashine haijui mahindi ni ya nani. Inasaga tu. Nilidhani maneno ni hivyo hivyo, unasaga, yanatoka, basi. Nilisahau kwamba unga haubaki mashineni. Kuna nyumba unakwenda, kuna mtu anaula.

Lakini hilo nililifikiri baadaye. Pale uwandani nilikuwa nafikiria dume.

"Ni dume jeusi," akasema Shangazi, na akina mama wote wakasema ndiyo.

"Shangazi," nikasema haraka, "mimi nakubali kosa. Lakini tuwe na haki. Bibi ni wa kwenye simu, nami nimlipe dume la kwenye simu." Nikatoa simu, nikatafuta picha ya ng'ombe mweusi, nikaituma Kijiji cha Hewani mbele yao wote. "Nimelipa!"

Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mke wangu alifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Shangazi peke yake hakucheka.

"Vizuri, mkwe. Bibi ametukanwa simuni, amelipwa simuni. Hilo limekwisha. Masikio yetu yalitukanwa mashineni. Hayo nayo yalipwe mashineni, kwa miguu minne."

Mimi, ambaye nimewahi kumshinda ofisa kwa maneno mpaka akaacha kalamu yake mezani kwangu, nikarudisha simu mfukoni.

Aliyeongea ni bwana mifugo. Akaomba ruhusa, akasema, "Mama zangu, mimi lile dume nililichoma sindano siku tatu lilipokuwa ndama. Juzi nimelitibu tena. Siwezi kusikia harufu yake kwenye chungu. Mama yangu asingetaka nyama. Angetaka huyu bwana akae kwenye kigoda chake, aone kulivyo."

Wakaanza kubishana. Nusu walitaka haki, nusu walitaka nyama, na wachache walisema ni kitu kimoja. Mke wangu akasimama. Nikajua sasa nimepona, mama watoto anakuja kunitetea.

"Mimi nimeishi na huyu mwanaume miaka kumi na minane," akasema. "Akipewa kazi ya kunyamaza ataumia kuliko akinyang'anywa ng'ombe. Mpeni kigoda."

Uamuzi ukatoka hivi. Nitoe kondoo mweusi na pombe ya asali, yaliwe na kunywewa siku ile, kwa ajili ya masikio. Uenyekiti nivue. Nichukue nafasi ya Bibi mpaka mahindi yavunwe. Nikitukana mtu hata neno moja la tumbo, au la mama, au nikitoka kwenye ubibi wangu, dume ni lao. Wakaenda zizini wakalifunga dume kamba ya ngozi shingoni, iwe alama kwamba lina wenyewe wawili. Bwana mifugo akatoa ile laini kwenye simu yake, akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akanipa kwa mikono miwili kama watu wanavyopeana kifaranga.

"Taratibu naye," akasema.

Ubibi ni kazi, msidanganywe. Siku ya kwanza niliandika, herufi moja moja: "Mimi ni bibi tajiri kuliko mabibi wote wa Manyara." Saa hiyo hiyo Shangazi akatuma mtu kuniuliza kama naona kamba ya dume ni ndefu sana. Nikaenda kwa bwana mifugo, nikamshikia ng'ombe anachanja huku namwuliza: mama yako angesema nini mtu akijisifu? Angesema nini akisingiziwa? Ananijibu, mara anacheka peke yake, mara anasahau sindano mkononi. Nilijua mambo mengi ya yule mama. Kwamba aliongea na kuku kama watu wazima. Kwamba hakuwahi kumaliza hadithi hata moja, kila mara alikumbuka sufuria jikoni.

Mwenyekiti mpya akawa fundi cherehani. Nani mwingine? Yeye alijua Bibi ni mimi, Gendabi yote ilijua, na kuna watu walimpa kazi ya kunichokoza. Nasema watu. Akina mama wanaopenda nyama. Walianza kuja mashineni na debe la mahindi kichwani na sufuria mkononi.

"Shangazi, hiyo sufuria ya nini?"

"Ya kubebea unga, mkwe."

"Na chumvi?"

"Chumvi inakaaga tu na mimi."

Wiki tatu nikavumilia. Fundi aliniambia hewani meno yangu yamehama kama wafugaji wakati wa kiangazi. Nikaandika, "Yatarudi mvua zikinyesha, mwanangu." Akasema nachekesha mpaka mbuzi. Mbuzi akatuma "meee." Nikamwandikia mbuzi, "Na wewe umekula?" Hakujibu, lakini jioni yake alichelewa dakika kumi, nadhani alikuwa anafikiri.

Ikabaki kama wiki moja mahindi yavunwe. Mkanda ukakatika tena. Mtasema nimepanga hadithi, lakini mkanda wa mashine haujui hadithi. Mashine kimya, akina mama wamekaa kwenye madebe, sufuria zinang'aa. Fundi nilimwona kwa macho, mlangoni mwa kibanda chake, simu mdomoni, ananitazama huku anaongea, na sauti yake ilipofika nikaifungua kwenye spika:

"Wewe kizee wa kibuyu! Tumekuchoka na maswali yako ya ugali. Mtu mzima mzima umekaa hapo kwenye kigoda, huna mume, huna shamba, una mdomo tu. Angalau mabibi wengine wakizeeka wanakufa!"

Yale maneno yalinipata hapa, kifuani. Si mimi, najua si mimi! Mimi nina shamba, nina mke, nina dume. Lakini nilimwona yule mama mwenye makande yake langoni, ambaye nilikuwa nimemsikia wiki tatu, na ambaye kweli amekufa. Nikapandwa na hasira ambayo sikuipata hata nilipotukanwa mimi mwenyewe. Na tusi likaja. Wanangu, lilikuwa tusi bora kuliko yote niliyowahi kutunga. Lilianzia kwa mama wa fundi, likapita kwa cherehani, likaishia kwenye suruali yangu aliyoikata mguu mmoja mfupi. Nikashika simu, nikabonyeza kitufe cha sauti.

Akina mama wakainama mbele wote kwa pamoja, kama mahindi upepo ukipita. "Mjibu, mkwe," mmoja akanong'ona. "Mjibu, usimwache!" Shangazi aliweka mkono kwenye mfuniko wa sufuria. Nyuma ya mashine dume likapumua, na nikasikia ile kamba ya ngozi ikikwaruza kigingi.

Nikavuta pumzi. Nilimwona fundi kule mlangoni amesimama, anasubiri, shati limemlegea mabegani. Ilikuwa saa nane mchana, na mtu huyu huwa hafungi kibanda kwenda kula, najua, nimekaa naye uso kwa uso miaka minane.

"Umekula lakini, mwanangu?" nikasema.

Nikatuma. Kwa mara ya kwanza sikuirudia kuisikiliza.

Fundi akaisikiliza sikioni, akashusha simu. Akaiangalia. Halafu hakutuma sauti, akasema kwa mdomo wake tu, kuvuka barabara: "Bado, bibi."

"Njoo basi," nikasema. Mke wangu alikuwa ameshachukua bakuli.

Akina mama walikusanya sufuria zao kwa kelele nyingi, wakilalamika kwamba wanaume wa siku hizi hawana hata uvumilivu wa kutukana. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Mkwe, umetunyima nyama," akasema. "Lakini umekuwa mwanamke mzuri."

Kamba ilifunguliwa wiki iliyofuata. Fundi alitaka kunirudishia uenyekiti, nikakataa. Bwana mifugo naye nilimpelekea laini yake, akausukuma mkono wangu, akasema nikae nayo kidogo, anapenda kusoma sasa kuliko kuandika. Kwa hiyo Bibi bado ni mimi. Na bila kujisifu, ukitafuta kuanzia Nambis mpaka huku chini, hutapata bibi kama mimi.